Mjomba, nichukue intaneti ya nguzo, ya laini au ya jirani?

Shikamoo Mjomba,

Naishi Kihonda, hapa Morogoro. Tulihamia mwaka jana kutoka Dar baada ya mume wangu kupata kazi chuo kikuu cha SUA. Mimi nahariri video: harusi, sendoff, kipaimara, mara mojamoja na msiba. Bosi wangu yuko Sinza na ndiye mwenye kamera na vijana wa kupiga. Mimi nakaa na kompyuta nakata, nasawazisha rangi, naweka muziki. "Kazi hii unaweza kuifanya popote," tulidanganyana hivyo siku ya kupakia vyombo kwenye fuso.

Tatizo langu ni intaneti. Mpaka sasa natumia bando la simu, nawasha hotspot. La wiki linaisha siku ya tatu. Filamu ya harusi ikishaiva ina GB 10 hivi. Naiweka ipande saa tatu usiku, nalala. Naamka saa kumi na moja alfajiri nakuta ndiyo kwanza asilimia 61, nikigeuka kuchemsha chai, inakata. Halafu inaanza upya kutoka sifuri! Bibi harusi anampigia bosi, bosi ananipigia mimi, mimi sina wa kumpigia.

Siku moja nilichoka. Nikachukua diski yangu ya nje, nikaiviringisha kwenye kanga, nikapanda SGR nikaipeleka Dar kwa mkono. Elfu kumi na tatu kwenda, elfu kumi na tatu kurudi. Na nikirudi narudi na picha ghafi za harusi nyingine, GB 120 hivi. Sasa imekuwa desturi, kila Jumanne niko kwenye treni. Mlango kwa mlango ni kama saa nne.

Nimeulizia njia nyingine, nikazidi kuchanganyikiwa. Kuna vijana wa faiba, ile intaneti ya waya wa kioo, walipita mtaani. Waya wao umeishia kwenye nguzo ya kona, mbele ya duka la Mangi, na wanasema kutoka pale hadi kwetu wanavuta. Lakini mwenye nyumba hataki hata kusikia habari ya ukuta kutobolewa. Kaniambia, "Binti, nyumba yangu siyo chujio."

Mume wangu anataka kile kisanduku cha 5G cha kampuni ya simu, unachomeka kwenye umeme na hakuna waya wa kuvuta. Hoja yake ni kwamba tukihama tunabeba. Kinakuja na mkataba wa miezi 12.

Jirani yetu, tunayepakana naye ukuta, ana hiyo hiyo faiba. Anasema tuchangie nusu kwa nusu anipe nywila. Na kuna kaka mmoja anauza dishi la Starlink, la intaneti ya setilaiti, anasema limetoka ng'ambo ya mpaka, naweka tu juu ya bati na maisha yanaendelea.

Sitaki kuzidi elfu 80 kwa mwezi. Watoto wawili wanaangalia katuni, mume anaangalia mpira. Umeme huku unakatika, siyo kila siku, lakini unachagua siku mbaya. Nichukue ipi?

Mama Diski, Kihonda

*

Marahaba, mpwa wangu.

Barua yako nimeisoma nikiwa na kalamu, kwa sababu ile treni ilinishika. GB 120 ndani ya saa nne, mlango kwa mlango. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo hizo ni megabiti 960,000, ukizigawa kwa sekunde 14,400 unapata karibu Mbps 67, yaani megabiti 67 kwa kila sekunde. Yaani wewe ukiwa na diski ndani ya kanga, umekaa dirishani, una kasi kuliko vifurushi vingi vya nyumbani vinavyouzwa mjini hapo. Usiiue treni kwanza.

Nasema hivyo kwa sababu kuna mtu atakuja kukuuzia kifurushi kikubwa, atakwambia utaachana na safari. Kwa Mbps 20 zisizoyumba, GB 120 zinashuka kwa saa 13 na dakika 20, na hapo bosi naye awe na kasi hiyohiyo ya kupandisha kule Sinza. Muulize kama anayo. Nadhani najua atakachojibu. Acha mzigo mzito uendelee kupanda treni mara moja kwa wiki, au mpange na bosi kila baada ya wiki mbili. Kinachokutesa ni kitu kingine kabisa: GB 10 za kazi iliyoiva, zinazotakiwa Dar leo usiku.

Sasa angalia asilimia 61 zako. Kutoka saa tatu usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri ni saa nane, na zilipita GB 6.1. Hiyo ni Mbps 1.7. Ndiyo kasi ya kupandisha uliyokuwa nayo, hata kama simu ilikuwa inashusha video bila kukwama. Ile namba kubwa kwenye bango, iwe 20, 30 au 50, karibu kila mara ni ya kushusha. Ya kupandisha haiandikwi, au inaandikwa kwa herufi za kutafutia miwani. Kwa mteja wa katuni na mpira hakuna tatizo. Kwako ndiyo kazi yenyewe. GB 10 kwa Mbps 2 ni saa 11. Kwa Mbps 10 ni saa mbili na dakika 13. Kwa Mbps 20 ni saa moja na dakika saba. Ukishavuka hapo unalipia sifa tu.

Kwa hiyo swali la kumuuliza kila anayekuja na fulana ya kampuni ni moja: kasi ya kupandisha ni ngapi, na je, kifurushi kina kikomo cha matumizi? "Bila kikomo" mara nyingi ina mkia: ukifika GB kadhaa kwenye mwezi wanakupunguzia kasi. Kijana wa mauzo asipojua, usimgombeze, omba namba ya fundi. Mafundi wanajua, na hawana kamisheni ya kulinda.

Watu wengi wanaoniandikia kutoka miji kama yako, Morogoro, Tanga, Mbeya, Iringa, wananiuliza kampuni ipi ni nzuri. Mimi huwa nawaambia waniulize kuhusu nguzo. Dar mtu wa mtaa mmoja anaweza kuwa na faiba za kampuni tatu mlangoni. Kwenu mtaa huu una waya, wa pili hauna, wa tatu uliahidiwa. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unaosimamiwa na TTCL, shirika la simu la taifa, umefika mikoani miaka mingi, huo si tatizo. Shida iko kwenye mita mia mbili za mwisho, kutoka kwenye kona hadi sebuleni kwako. Wewe una bahati, kona yako ina waya.

Na una bahati ya pili ambayo naona hujaiona. Jirani.

Mpango wake wa nusu kwa nusu uache, nitakwambia kwa nini. Lakini leo au kesho, saa mbili usiku, chukua kompyuta yako na kilo ya sukari, ukamtembelee. Saa mbili usiku, siyo saa nane mchana, maana mchana Kihonda nzima iko kazini na mtandao wowote unapendeza. Kaa karibu na ruta yake. Pima kasi mara tatu, uandike namba tatu: kushusha, kupandisha, na ping, yaani muda wa kwenda na kurudi kwa ujumbe mmoja. Kisha fanya kipimo cha kweli: pandisha faili la GB 1 kwenye folda unayoshirikiana na bosi, ushike saa. Likiisha ndani ya dakika 14 una Mbps 10 kamili. Likichukua saa nzima, mshukuru kwa chai na uje uniandikie tena. Muulize pia mara ya mwisho ilikatika lini, na fundi alikuja baada ya siku ngapi. Hilo la mwisho litakuambia mengi kuliko bango lolote. Mimi mwenyewe niliwahi kukaa siku tisa bila mtandao baada ya mtu kuchoma takataka chini ya waya wetu. Kampuni siitaji, lakini kila siku nilikuwa naambiwa, "Fundi yuko njiani." Njia ilikuwa ndefu.

Hapo utakuwa umepima nguzo yako mwenyewe, kampuni yako mwenyewe, saa yako mwenyewe, bila kulipa hata shilingi.

Ila kuchangia, hapana. Wi-Fi yake inapita kwenye ukuta wake na wa kwako, na matofali ya saruji hayana huruma. Utapata vipande tu. Siku ukipandisha GB 10 zako, yeye simu ya video na mwanawe aliyeko chuo itaanza kukatakata, na hatajua ni wewe, mpaka ajue. Mwezi ambao hajalipa, bibi harusi wako ndiye atakayeumia. Na wengi wa watoa huduma masharti yao hayaruhusu kugawa laini ya nyumba moja kwa kaya mbili. Ukuta mnaoishi nao ni mali zaidi ya elfu thelathini ya mwezi.

Kisanduku cha mumeo. Sitaki kukidharau, maana ana hoja. Ninyi ni wapangaji na faiba haibebeki. Vodacom walianza 5G nchini Septemba 2022, wengine wakafuata, na mahali inaposhika vizuri inaweza kuwashangaza. Lakini kuna mambo mawili. Kwanza, mnara ni wa mtaa mzima, na saa mbili usiku mnagawana. Kushusha unaweza usione tofauti, kupandisha utaiona, kwa sababu kisanduku kidogo cha nyumbani kinapaswa kupiga kelele hadi mnarani kikiwa na nguvu ndogo, wakati mnara una nguvu nyingi za kukuletea. Pili, mawimbi ya 5G yanayotumika zaidi ni ya juu, karibu GHz 3.5, na hayo yanachoka haraka kwenye ukuta na bati kuliko mawimbi ya chini ya 4G. Kihonda ni tambarare, hapo mko afadhali kuliko watu wa Bigwa na Kilakala, ambao Uluguru wenyewe unaweza kusimama kati yao na mnara.

Kama mume bado anashikilia msimamo, asisaini. Atafute simu ya 5G ya rafiki yenye laini ya kampuni hiyohiyo, aiweke kwenye dirisha linalotazama mnara, tena saa mbili usiku, apime kupandisha. Ikipita Mbps 10 siku tatu mfululizo, nitamvulia kofia. Lakini miezi 12 ya mkataba kwa kitu ambacho hamjakijaribu ndani ya nyumba yenu, hiyo hapana. Na mkikipata msikifiche nyuma ya televisheni kwenye pembe ya sebule, kama ninavyokikuta kwenye nyumba za watu. Dirishani, juu.

Dishi la yule kaka. Kiufundi si kitu kibaya. Setilaiti za Starlink ziko kama kilomita 550 juu, wakati zile za zamani ziko kilomita 35,786, kwa hiyo hakuna ule ucheleweshaji wa kuongea na mtu halafu unasubiri jibu kama uko mwezini. Lakini hadi tunaingia mwaka 2025 Starlink ilikuwa haijapata leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ingawa Kenya na Rwanda ilikuwa imeshaingia tangu 2023. Dishi lililovushwa mpaka linaishi kwa akaunti ya nchi nyingine, na kampuni yenyewe ina masharti ya muda gani unaweza kulitumia nje ya nchi uliyosajilia. Siku likizimwa, utamdai nani? Muulize huyo kaka risiti na leseni. Akianza kukwambia habari za wateja wake wa Dodoma, mwage.

Kwa hiyo ni faiba, kama sebule ya jirani ikikubali. Chukua ya mwezi kwa mwezi hata kama gharama ya kufungiwa ni kubwa kidogo. Mpangaji hana biashara ya kufunga mkataba mrefu kuliko kodi yake. Usichukue kifurushi cha juu. Chagua cha chini kabisa chenye Mbps 10 za kupandisha, kibakize kitu kwenye elfu 80 zako kwa ajili ya bando dogo la akiba kwenye simu, la kampuni tofauti. Akiba hiyo itakusaidia waya ukikatika mtaani. Haitakusaidia siku kama ile ya Mei 12, 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilipokatika baharini kwa pamoja na karibu kila mtu nchini akabaki anaangalia duara linazunguka. Siku hiyo hata mimi nililala mapema. Wewe ungepanda treni.

Kuna kitu kuhusu faiba na umeme ambacho mafundi huwa wanasahau kusema. Huku kwenu mtaani, kati ya kituo cha kampuni na nyumba, mara nyingi hakuna kinachokula umeme. Kile kigawanyio kwenye nguzo kinagawa mwanga kwa kioo tu, nyumba 32 au 64, bila betri. Maana yake umeme ukikatika Kihonda, mwanga bado unafika ukutani kwako, kinachozimika ni kisanduku chako cha faiba na ruta. Nunua UPS ndogo ya ruta, yaani betri ya akiba, zile za volti 12 zinazotoshea kiganjani. Angalia volti iliyoandikwa kwenye adapta ya ruta kabla ya kununua, nyingine ni volti 9. Vifaa hivyo viwili kwa pamoja vinakula kama wati 15, na betri ya Wh 30 (wati 30 kwa saa moja) itakupa chini kidogo ya saa mbili. GB 10 kwa Mbps 20 zinaingia humo; kwa Mbps 10 ni saa mbili na dakika 13, kwa hiyo tafuta betri kubwa kidogo kuliko hiyo.

Sasa mambo madogo ambayo yangekuokoa hata kwa bando lako la sasa. Kama unapandisha kwa kuburuta faili kwenye ukurasa wa kivinjari, ndiyo maana linaanza upya kutoka sifuri. Weka programu ya Google Drive au ya mfano wake kwenye kompyuta, tupia faili kwenye folda, mtandao ukikata inasubiri na kuendelea ilipoishia. Au likate faili vipande vya GB 1 kwa 7-Zip. Kipande kikifa unarudia hicho kimoja tu. Bosi akitaka kukagua kabla ya kukubali, mtumie nakala nyepesi ya MB mia tano, asikulazimishe kupandisha GB 10 mara tatu kwa sababu jina la shangazi limekosewa. Na siku faiba ikija, nunua waya wa mtandao wa mita kumi na tano, uchomeke kompyuta moja kwa moja kwenye ruta. Watoto wabaki na Wi-Fi na katuni zao. Wewe usigombanie hewa na mtu.

Imebaki nyumba isiyo chujio. Mwenye nyumba usimbishie, yuko sahihi, nimeona kuta zilizotobolewa na mafundi wenye haraka. Zunguka nyumba kwanza. Je, kuna tundu la antena ya zamani ya televisheni? La dishi? Waya wa faiba wa kuingia ndani ni mwembamba, unapita penye waya wa antena bila tatizo, au kwenye kona ya fremu ya dirisha. Mwoneshe tundu hilo kwa kidole, mwambie hakuna tundu jipya, na mwandikie karatasi moja kwamba ukihama waya unabaki, mpangaji ajaye ataukuta. Nyumba yenye faiba inapangishwa haraka kuliko isiyo nayo, na yeye anajua hesabu hiyo kuliko mimi na wewe.

Wakija kufunga, uwepo mwenyewe, usimwachie dada wa kazi. Mwambie fundi asikunje waya kwenye kona kali, ndani yake ni kioo. Aache mzunguko mmoja wa ziada nje chini ya paa. Kabla hajaondoka apime mbele yako, umwandikishe namba yake ya simu na namba ya akaunti yako. Siku mambo yakiharibika, unaripoti kwa kampuni kwanza, unachukua namba ya malalamiko, na wakikuzungusha ndipo unaenda TCRA na namba hiyo mkononi.

Pita pia dukani kwa Mangi umuulize kama kuna wapangaji wengine mtaani wanaoitaka. Kampuni ikiona nyumba nne zimeandika majina kwenye mstari mmoja, mafundi huja wiki hiyohiyo. Ikiwa moja peke yake, utazungushwa na ile "fundi yuko njiani."

Mjomba